Pesa za Hospitali Mombasa: Namna ya Kuzifuata Kwenye Bajeti, Bunge la Kaunti na Kura

Dawa zikikosekana hospitali ya Tudor au Port Reitz, lawama humwangukia mfamasia aliye dirishani, na huyo ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Kiasi cha pesa za dawa za mwezi huu kilipangwa miezi mingi iliyopita, kwenye vikao ambavyo aghalabu upande wa wananchi huwa viti vitupu. Hapa tunaeleza vikao hivyo huwa lini, nani hukata shauri, na mkazi wa Mombasa aingilie wapi ili asikike. Yatawafaa zaidi wajumbe wa kamati za zahanati, vyama vya kina mama, wazee wa mitaa, na maimamu na wachungaji ambao watu huwapelekea malalamiko haya kila wiki.

Jua kwanza mlango wa kubisha

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeigawa kazi ya afya. Serikali kuu imebaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti imepewa vituo vya afya vya kaunti na famasia zake, ambulensi, afya ya msingi, na hata makaburi na uzoaji taka. Kwa hiyo hospitali za Tudor, Port Reitz na Likoni, pamoja na zahanati za umma kuanzia Jomvu hadi Kisauni, ziko chini ya kaunti. Coast General, hospitali ya ngazi ya tano, nayo ni ya kaunti, ingawa wagonjwa wake hutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu.

Hapo kwenye Coast General pana fundo ambalo wengi hawalijui. Zamani hospitali za ngazi ya tano zilitengewa ruzuku yao na serikali kuu, pesa zenye jina la hospitali. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo iliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti. Sasa pesa hizo zimo kwenye chungu kimoja na barabara, masoko na basari, na wenye mwiko ni gavana na bunge la kaunti. Mgonjwa wa Ukunda au Mtwapa hulazwa Coast General lakini hapigi kura Mombasa. Mwakilishi wadi wa hapa akibanwa na wapiga kura wake wanaotaka taa za barabarani, hana wa kumkumbusha habari za wodi ya wagonjwa waliotoka Kwale. Ndiyo maana watu wa Mombasa wenyewe, ambao pia wanaitegemea hospitali hiyo, wanapaswa kuisemea kwa jina kila mwaka wa bajeti.

Kati ya karatasi sita za kura, mbili ndizo zenye mkono wa moja kwa moja hospitalini: ya gavana na ya mwakilishi wadi. Gavana huteua waziri wa afya wa kaunti na afisa mkuu wa afya, na serikali yake ndiyo huandika bajeti. Mwakilishi wadi huipitisha, huirekebisha na huikagua. Seneta hupigania mgao wa kaunti na huhoji matumizi yake. Mbunge hutunga sheria za kitaifa kama zile za SHA (mamlaka ya kitaifa ya bima ya afya), na humo ndimo aulizwe. Mbunge anayeahidi kuajiri wauguzi wa zahanati yako anaahidi kazi isiyokuwa yake.

Karatasi ya mwakilishi wadi ndiyo watu huijaza kwa haraka zaidi, kwa kumjua tu mtu au ukoo wake. Kwa mambo ya zahanati ya mtaani, ndiyo yenye uzito kuliko ya rais.

Kalenda: Februari ndio mwezi wenyewe

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti zote hufuata:

- Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kwenye bunge la kaunti. Humo ndimo miradi hutajwa kwa majina, kama ukarabati wa wodi, jenereta au uzio.
- Septemba 30: waraka wa mapitio ya bajeti, unaoonyesha mwaka uliopita pesa ziliingia ngapi na zikatumika ngapi.
- Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha. Bunge lina siku 14 za kuupitisha.
- Aprili 30: makadirio ya bajeti yenyewe.
- Juni 30: bajeti iwe imepitishwa.

Makosa makubwa ya wananchi ni kungoja Mei, mahema ya kukusanya maoni yanapotandazwa. Kufikia hapo sehemu ngumu imekwisha. Waraka wa Februari ndio unaoweka kiwango cha juu cha kila idara: afya itapata kiasi gani, barabara kiasi gani. Baada ya hapo bunge likitaka kuongeza pesa mahali, sheria inalitaka lipunguze kiasi kile kile mahali pengine. Ukija Mei ukisema "tuongezewe dawa", mwenyekiti wa kamati atakushukuru, karani ataandika, na basi. Ukija Februari, au ukija Mei na kusema pesa zitolewe fungu gani, hapo umempa mwakilishi wadi kitu cha kusimama nacho.

Bajeti isipopitishwa kufikia Juni 30, bunge linaweza kuidhinisha matumizi ya muda yasiyozidi nusu ya makadirio. Mishahara hupewa kipaumbele, na ununuzi wa dawa na vifaa hukwama. Mvutano kati ya bunge na gavana wakati wa Juni si siasa za wakubwa tu. Mgonjwa huuhisi kuanzia Agosti au Septemba, akitumwa kununua glavu na sindano nje ya lango.

Kusoma fungu la afya bila kuwa mhasibu

Omba makadirio kwa karani wa bunge la kaunti au yapakue kwenye tovuti ya kaunti. Ni kitabu kinene, lakini unahitaji kurasa chache tu. Nenda idara ya afya, kisha tafuta mafungu matatu: mishahara, matumizi ya kawaida, na maendeleo. Sheria inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, ila hicho ni kipimo cha kaunti nzima wala si cha kila idara. Afya kwa asili yake hula mishahara mingi, na idara yenye mishahara mingi si lazima iwe imefuja.

Kwenye matumizi ya kawaida, angalia mistari minne: dawa, vifaa visivyo dawa (glavu, pamba, nyuzi), kemikali za maabara, na chakula cha wagonjwa. Andika kiasi cha kila mmoja kwa mwaka uliopita na mwaka ujao. Mstari wa maabara ndio hupunguzwa kimyakimya, kwa sababu hakuna anayepiga kelele juu ya kemikali. Matokeo yake daktari yupo, dawa ipo, lakini kipimo cha kuthibitisha ugonjwa unatumwa ukakifanye maabara ya binafsi mjini.

Bajeti ni ahadi, si pesa. Hatua ya pili ni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ambazo hutoka kila robo mwaka kwa kaunti zote. Tuseme dawa zilitengewa shilingi milioni 120. Nusu ya mwaka, yaani Desemba 31, ungetarajia zimetumika karibu milioni 60. Ukikuta milioni 24, sababu huwa moja kati ya tatu, na kila moja ina mtu wake. Ikiwa Hazina Kuu imechelewesha mgao, swali ni la seneta. Ikiwa mgao umefika lakini kaunti inadaiwa na KEMSA (shirika la serikali la kusambaza dawa) au msambazaji mwingine aliyesimamisha mzigo, swali ni la waziri wa fedha wa kaunti. Ikiwa pesa zipo na deni hakuna, basi ununuzi haujaanza, na hilo ni la afisa mkuu wa afya. Ukimuuliza mtu asiyehusika utapewa jibu la adabu na utarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuna chanzo kingine cha pesa. Oktoba 19, 2023 zilitiwa saini sheria nne za afya kwa mpigo, mojawapo ikiwa ile ya ufadhili wa kuboresha vituo vya afya, inayojulikana kwa jina la FIF. Kabla yake, kaunti nyingi zilikuwa zikizoa mapato ya hospitali na kuyapeleka kwenye hazina ya kaunti. Sasa sheria inaruhusu kituo kubaki na kile kinachokusanya na kukitumia kwa mpango wake wa kazi wa mwaka. Ulizia mambo mawili: je, kituo chenu kina akaunti yake? Na je, mpango wa kazi wa mwaka huu umebandikwa mahali mnapouona? Mtego wa kujihadhari nao ni kaunti kupunguza mgao wa hospitali kwa kisingizio kwamba "sasa mna FIF". Nia ya sheria ni pesa hizo ziwe nyongeza.

Kuandika maoni yatakayosomwa

Ukurasa mmoja unatosha. Juu andika jina la kikundi, wadi, na waraka unaouzungumzia pamoja na ukurasa wake. Kisha mambo yasiyozidi matatu. Kila jambo liwe na hali ilivyo kwa namba, unachotaka, na pesa zitoke wapi. Mfano wa muundo:

"Zahanati yetu ina wauguzi wawili na hufungwa saa kumi jioni. Kina mama wanaojifungua usiku hulazimika kuvuka feri kwenda kisiwani. Tunaomba wauguzi wawili zaidi ili wodi ya uzazi iwe wazi usiku na mchana, na gharama itolewe kwenye fungu la ujenzi wa ofisi, ukurasa wa 84, ambalo mwaka jana halikutumika hata nusu."

Linganisha na "tunaomba serikali iboreshe huduma za afya". Hiyo ya pili hakuna wa kuikataa, na ndiyo kasoro yake.

Peleka nakala mbili kwa karani wa bunge. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe uondoke nayo. Nakala nyingine ipate mwakilishi wadi wako, na wenyeviti wa kamati ya afya na ile ya bajeti. Pasipo muhuri, miezi mitatu baadaye utaambiwa hakuna kilicholetwa. Hata mkizungumza ndani ya hema, acheni karatasi. Orodha ya waliohudhuria mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee inayobaki, nayo huonyesha tu kwamba mlikuja.

Ukinyimwa taarifa

Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulazimika kueleza sababu. Barua iwe fupi na iombe nyaraka, si maelezo. "Naomba nakala ya hati za kupokelea dawa za Hospitali ya Likoni kuanzia Julai 1 hadi Septemba 30" ni ombi zuri. "Naomba kujua kwa nini hakuna dawa" si ombi la taarifa. Hilo ni lalamiko, na litajibiwa kama lalamiko.

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kujiongezea siku zisizozidi 14 mara moja, ikiwa nyaraka ni nyingi. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Ukinyamaziwa au ukikataliwa, peleka nakala yako yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Mara nyingi barua ya tume hiyo peke yake hufungua droo iliyokuwa "imepotea ufunguo".

Mswada unapitia wapi, na unaweza kuuzuia wapi

Mswada wa afya wa kaunti husomwa mara ya kwanza kisha hupelekwa kwa kamati, na kamati ndiyo inayotakiwa kusikiliza umma. Hapo ndipo mlango ulipo. Husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu, na ukishapita mara ya tatu hupelekwa kwa gavana. Gavana ana siku 14: atie saini au aurudishe na sababu zake. Akiurudisha, bunge linaweza kuupitisha tena kwa thuluthi mbili ya wajumbe. Sheria haianzi kutumika mpaka ichapishwe rasmi.

Kwa mswada wowote unaogusa hospitali, anza na vifungu viwili. Cha kwanza ni kile cha bodi au kamati: nani huteua, wananchi wana viti vingapi, na kama gavana mpya anaweza kuivunja siku anayoingia. Cha pili ni cha ada: nani hupanga bei ya kitanda, kadi na maiti. Mara kwa mara ada hazimo kwenye mswada wa afya. Hukaa kwenye mswada wa fedha wa kaunti, ambao huja ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa, watu wakiwa wamekwisha choka na mikutano. Kina mama wengi walioshangaa bei kupanda mochari wangeiona kwenye jedwali la mswada huo.

Hata kama hakuna mswada, Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni akitaka sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Taja umekwisha kwenda ofisi zipi na zikasema nini, na kama jambo hilo liko mahakamani. Ombi lisilosema hayo hurudishwa kwa kasoro ya fomu tu.

Mwaka wa uchaguzi

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Weka tarehe hiyo kando ya kalenda ya bajeti uone ahadi za majukwaani zinavyobadilika sura. Bajeti ya 2027/28 itapitishwa na bunge linaloondoka, kabla ya Juni 30. Gavana atakayeapishwa baada ya Agosti ataingia na bajeti aliyoandikiwa na mtu mwingine, au na yeye mwenyewe kabla hajajua kama atarudi. Anaweza kuomba bajeti ya ziada, lakini matumizi ya aina hiyo yana kikomo cha asilimia 10 ya bajeti ya mwaka, isipokuwa bunge likipitisha zaidi kwa sababu maalumu. Bajeti yake ya kwanza hasa itaanza Julai 2028. Mgombea anayesema "siku mia moja, dawa zote zitajaa" aulizwe atazitoa kwenye fungu gani la bajeti asiyoiandika.

Mombasa ina kumbukumbu ya pekee. Mwaka 2022, kura ya ugavana haikupigwa Agosti 9 pamoja na nyingine kwa sababu karatasi zilikuwa na kasoro, ikasogezwa hadi Agosti 29. Siku 20 zaidi kaunti ilikaa bila kujua nani atasaini nini. Kipindi kama hicho maafisa huogopa kuidhinisha manunuzi makubwa. Kamati ya hospitali yenye busara huagiza vifaa vyake vya robo ya kwanza kufikia Mei, na kuhesabu stoku ya oksijeni, damu na dawa za mzio kabla ya Julai.

Kabla ya uchaguzi, majengo huchipuka. Ukiona zahanati mpya inazinduliwa, usihesabu madirisha. Uliza kama ina leseni ya KMPDC (baraza linalosajili madaktari na vituo vya afya), kama ina mkataba na SHA, na kama mishahara ya wahudumu wake imo kwenye makadirio. Tangu SHA ianze Oktoba 1, 2024, vituo vya ngazi ya pili na ya tatu (zahanati na vituo vya afya) hulipwa kutoka Mfuko wa Afya ya Msingi, na ngazi ya nne kwenda juu kutoka Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii. Kituo kisichokuwa na leseni na mkataba hakiwezi kudai hata senti, hata kikitibu mtaa mzima. Nawe mwenyewe hakikisha umejisajili kwa *147#, maana kituo hakilipwi kwa mgonjwa asiyekuwemo.

Maswali ya kumuuliza mgombea wa wadi, mbele ya watu, yasizidi matatu: Utaomba kamati ipi bungeni? Fungu la dawa la mwaka huu ni kiasi gani? Utatoa nini upate cha kuongezea zahanati yetu? Wa kwanza kubabaika kwenye la pili si lazima umnyime kura, lakini umejua atahitaji kusukumwa.

Migomo nayo huchangamka karibu na kura, kwa kuwa serikali huwa na haraka. Mgomo wa madaktari wa siku 100 ulianza Desemba 2016 na kwisha Machi 2017, mwaka wa uchaguzi, na wauguzi wakafuata kuanzia Juni. Tenganisha madai: mgomo wa 2024 ulichochewa sana na malipo na upangaji wa madaktari wanagenzi, jambo la serikali kuu. Mishahara iliyochelewa na kupandishwa vyeo ni ya kaunti na bodi yake ya utumishi. Ukimlaumu gavana kwa la kwanza, umemsaidia kukwepa la pili.

Baada ya kiapo, mambo mawili yafanywe haraka. La kwanza ni uteuzi wa waziri wa afya wa kaunti. Jina huletwa bungeni, karani hutangaza siku ya kuhojiwa, na mtu yeyote mwenye ushahidi kwamba mteule hafai anaweza kupeleka taarifa ya kiapo kabla ya siku hiyo. Iwe na nyaraka. Uvumi hautasaidia, na unaweza kukushitakisha.

La pili ni mpango wa maendeleo wa miaka mitano, CIDP. Uliopo ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaandikwa katika miezi ya mwanzo ya serikali mpya. Sheria hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mipango ya kaunti, kwa hiyo wodi ya uzazi isiyotajwa humo itawasumbua kwa miaka mitano. Andaeni ukurasa wenu kufikia Julai 2027, wagombea wakiwa bado wanapita mitaani. Uwe na jina la kituo, ngazi yake, idadi ya wahudumu waliopo na wanaohitajika, na hati ya ardhi au barua ya umiliki. Hiyo hati ndiyo hukwamisha zahanati nyingi za Mombasa, kwa vile kiwanja kina mgogoro na hakuna aliyeuliza mpaka mkandarasi alipofika na mchanga.